Ukurasa wa 212

Crystal, Minnesota
9 Februari 2025

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Nakuandikia kwa posta, kupitia sanduku la shule unayopikia, kwa sababu simu ya nyumbani mnaiweka sauti ya wote. Nikikohoa huku, mama anauliza nimekula nini. Jambo hili sitaki alisikie.

Nimeshindwa tena. Ile bodi ya rufaa za uhamiaji ilitoa jibu tarehe 6 Januari. Imesema hakimu wa kwanza hakukosea, na mimi natakiwa kurudi Tanzania. Nanzia amezaliwa hapa, ni raia, hakuna anayemfukuza. Lakini ana miaka kumi, mama yake amekufa, na selimundu yake unaijua. Baridi ikimshika vibaya tunalala hospitali siku nne. Nikienda naye, sijui damu na dawa nitazipata wapi. Nikimwacha, sijui nitakuwa baba wa namna gani.

Sheria yao inasema mtu kama mimi anaweza kuachwa akae, akionyesha kwamba kuondoka kwake kutamletea mtoto wake taabu kubwa isiyo ya kawaida. Hakimu alisema taabu ipo, ila ni ile inayompata kila mtoto ambaye mzazi wake anaondolewa. Ndivyo alivyoandika.

Sasa kimebaki kituo kimoja, mahakama ya rufaa ya kanda. Nchi hii wameigawa kanda kwa kanda. Yetu ni ya nane, ina majimbo saba, kuanzia huku kwenye barafu mpaka Arkansas wanakolima mpunga. Majaji wa kudumu ni kumi na mmoja, na kesi moja huamuliwa na watatu. Hawaishi pamoja. Kila mmoja yuko jimboni kwake. Wanakutana wiki moja, wanasikiliza, wanarudi kwao kuandika. Makao yao makuu yako Saint Louis, mbali na hapa, ila wanakuja pia Saint Paul, ambako mimi nafika kwa gari kabla chai haijapoa.

Tulipewa siku thelathini tu za kupeleka maombi, na wakili amewahi. Safari hii nina wakili. Anaitwa Murhula, Mkongo wa Bukavu. Amewaomba majaji nisiondolewe kabla hawajaamua, nao wamekubali.

Kazi ni ile ile, dobi wa hoteli huko Bloomington. Nakunja mashuka mpaka vidole havihisi kitu. Usimsomee mama.

Mdogo wako,
Theophil


Same
20 Machi 2025

Mdogo wangu Theophil,

Marahaba. Barua yako nimeisomea jikoni shuleni, maharage yakaungua, wanafunzi wakala hivyo hivyo.

Nilianza kulia, nikafika pale pa majaji watatu nikaacha. Watatu ni afadhali. Mmoja anaweza kuamka vibaya na kumalizia hasira kwako. Watatu hawaamki vibaya siku moja. Na kama wanatoka majimbo mbalimbali, basi hata wake zao hawajuani, hawawezi kula njama.

Ukifika mbele yao anza mwanzo kabisa. Hata hapa shauri likitoka baraza la kijiji kwenda kata, unalianza upya tangu siku mbuzi alipoingia shambani. Usiogope kuwachosha, ndiyo kazi yao. Mwonyeshe mtoto. Yule mama Philister wa kanisani kwenu, Mkenya, avae vizuri akusindikize, usionekane mtu asiye na watu.

Mwaka ule ulipoomba barua ya nyumbani tulikuandikia ikafika, si ndiyo? Mjomba Elinaja anasema tuandike nyingine, yeye anajuana na mtendaji wa kijiji, itapigwa mhuri. Niambie tu waandike nini.

Huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua kidogo. Nyumba ipo. Usiwe na wasiwasi na huku.

Dada yako,
Eliakunda


Crystal
21 Aprili 2025

Dada,

Msiandike kitu. Nakuomba sana.

Nilimwambia Murhula maneno yako ya kuanza mwanzo, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chao: "Ndugu yangu, kule juu habasikilize weye. Banasoma dosiye. Kama haiko mu dosiye, haikutokea."

Maana yake ni hii. Kila kilichosemwa na kila karatasi iliyotolewa kwa hakimu wa kwanza vimefungwa pamoja, kurasa mia nne na kumi. Hilo ndilo jalada. Majaji wa rufaa hawaiti shahidi wala hawamwangalii mtoto. Hawapimi taabu yangu upya. Wanaangalia kama yule wa chini aliipima kwa mizani ya sheria, na kama alichosema kimo kwenye jalada. Wakili wangu anaandika hoja, wakili wa serikali anajibu, wangu anajibu tena. Yote yanakwenda kwa karani wa mahakama kwa kompyuta. Mimi sitii sahihi hata mahali pamoja.

Nilimuuliza, "Sasa mimi kazi yangu nini?"

Akasema, "Yako ni kulipa kodi na kukaa kimya. Weye ulishasema."

Kweli nilishasema. Mbele ya hakimu wa kwanza sikuwa na wakili. Niliulizwa kama nyumbani nina ndugu wa kunipokea. Ningesema nini? Ningesimama mbele ya watu nisiowajua niseme kwetu hakuna watu? Nilisema ninao.

Nanzia alilala hospitali mara moja mwezi uliopita, sasa yuko shule. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Philister anasema anaelewa kila kitu, hasa yale asiyotakiwa kuelewa.

Theophil


Same
9 Juni 2025

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta nimeshatuma. Najua ulikataza, ila ulichelewa kukataza. Utapokea bahasha kubwa yenye mhuri wa mtendaji. Nataka uisome hii kwanza.

Nyumba haina tena vyumba sita ulivyoviacha. Mvua za mwaka 2019 kilima cha nyuma kilishuka na kuchukua vinne. Vimebaki viwili vya mbele, kimoja analala mama na mimi, kingine ni jiko na kuku. Barabara ya kwenda zahanati ilikatika siku hiyo hiyo na ikikatika huwa inakaa miezi. Mganga wa zahanati ni mmoja, akienda semina hakuna mtu. Hospitali yenye damu ni Moshi. Kwa pikipiki mpaka Same mjini kisha basi, ukiondoka alfajiri unafika mchana, kama mvua haijanyesha. Mama mguu haumsumbui kidogo. Hatembei tangu mwaka juzi.

Sikukuambia kwa sababu mwezi ule kilima kiliposhuka wewe ulikuwa unazika mke. Mtu anayelia haongezewi msiba. Baadaye nikaona nimechelewa kusema, na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi.

Na ile barua ya 2022, uliiomba kwa simu, watu wote wakisikiliza. Ulisema, "Mahakama inataka kujua natoka kwa watu gani." Hukusema zaidi. Tukaketi kama tunaandika barua ya posa. Mjomba alitamka, mimi nikaandika. Nilipofika kwenye vyumba nikamwangalia. Akasema, "Andika sita. Ukoo hauhesabiwi kwa vyumba vilivyoanguka."

Sasa nimeandika ukweli wote na nimeapa. Wape majaji. Ni watu wazima, wataelewa.

Eliakunda


Crystal
13 Julai 2025

Dada,

Bahasha imefika na mhuri umeonekana vizuri. Niliipeleka kwa Murhula siku ile ile. Aliisoma mara mbili, hakucheka.

Majaji hawawezi kuipokea. Hata wakiipenda, haimo kwenye jalada. Ipo njia ya kuomba kesi ifunguliwe upya, lakini ombi hilo linapelekwa kule chini kwenye bodi, ndani ya siku tisini tangu jibu lao. Siku tisini ziliisha mwanzoni mwa Aprili. Na hata kama tungewahi, wangeuliza kwa nini habari ya 2019 haikusemwa 2022. Nimekuuliza mimi mwenyewe moyoni, nikajiuliza na mimi kwa nini nilikuomba barua bila kusema ni ya nini. Mama alikuwa anasikiliza. Niliona haya.

Ulinieleza yako, nami nakueleza niliyokuficha. Ile barua yenu ya 2022 imo kwenye jalada. Nilimpa hakimu mwenyewe, kwa mkono wangu, imetafsiriwa na kugongwa mhuri na mtafsiri. Ni ukurasa wa 212. Nilipoisoma wakati ule nilifurahi siku tatu. "Nyumba yetu ina vyumba sita, hospitali si mbali, na mtoto wetu hatakosa kitu." Nilijua hospitali si karibu hivyo, nikasema ni heshima tu. Vyumba niliviamini, mimi ndiye niliyeviacha sita.

Hakimu aliunukuu mstari huo katika hukumu yake. Bodi nayo ikaunukuu. Ndiyo maana walisema taabu ya Nanzia itakuwa ya kawaida.

Nilimwambia Philister, akaweka kikombe chini. "Theo, wewe na ukoo wenu! Mliambiwa muonyeshe shida, mkaonyesha mali! Sisi Wajaluo ndio tunasemwa kwa maringo, kumbe maringo yenyewe yako Upare." Halafu alinipakulia ugali, akaniwekea nyama zote.

Sikulaumu. Nimekaa na jambo hili tangu Februari nikitafuta namna ya kutokukwambia. Sasa limetoka. Niandikie.

Theophil


Crystal
26 Oktoba 2025

Dada,

Hujaandika tangu Juni. Kwenye simu unampa mama haraka haraka. Nakuandikia hata hivyo.

Wiki iliyopita kesi ilisikilizwa Saint Paul. Kesi nyingi hazifiki hapo, majaji husoma karatasi na kuamua bila kuita mawakili. Murhula alisema tumepewa bahati. Majina ya majaji watatu yalitangazwa kabla, mmoja wa Missouri, mmoja wa Iowa, mmoja wa Minnesota hapa hapa. Nilivaa suti ya harusi. Philister aliomba ruhusa hospitalini anakofanya kazi, Coon Rapids, akanisindikiza kama ulivyoagiza, amevaa kofia kubwa, akaambiwa aivue.

Ni chumba kirefu chenye mbao, viti vingi vitupu. Hakuna kizimba wala mahali pa shahidi. Kuna meza ya majaji juu na kijimeza kimoja chini chenye taa tatu, kijani, njano na nyekundu. Kila upande ulipewa dakika kumi. Kesi kabla yetu ilikuwa ya kiwanda na bima yake, baada yetu ilikuwa ya mfungwa wa Nebraska ambaye mwenyewe hakuwepo. Tulikuwa katikati.

Hakuna aliyeniuliza jina. Nilikaa mstari wa pili, hakuna aliyejua kwamba kesi ni mimi. Murhula alisema sentensi mbili, jaji wa kulia akamkatiza kwa swali. Hawakuwa wakali. Wanauliza kwa upole, kama fundi anayegonga ukuta asikie pako wapi patupu. Jaji wa Minnesota aliuliza kama hakimu wa kwanza aliyapima maradhi ya mtoto peke yake, au aliyapima pamoja na kufiwa na mama. Hapo moyo ulinipanda. Murhula alijibu vizuri.

Kisha yule wa katikati akafungua karatasi, akasema, "Wakili, naomba twende ukurasa wa 212." Akausoma mstari wako, dada, kwa Kiingereza, taratibu. Akauliza, "Kuna kitu chochote kwenye jalada kinachopinga maneno haya?"

Bahasha yako ilikuwa kwenye mkoba wa Murhula, miguuni pake. Niliiona pembe yake. Murhula akasema, "Hapana, mheshimiwa. Kwenye jalada, hapana." Taa ikawa ya njano.

Nje Philister alisema, "Angesema tu! Angeitoa tu!" Murhula akamjibu, "Mama, ningeitoa, majaji bangefunga macho. Na kesho, nikija kwa kesi ya mtu mwingine, bangekumbuka."

Hawakuamua siku hiyo. Watarudi makwao, mmoja atapewa kuandika, atawapelekea wenzake, wakikubaliana wawili imetosha. Inaweza kuchukua miezi. Nilirudi Bloomington, nikabadilisha suti chooni, nikaingia zamu ya mchana.

Niandikie hata mistari miwili.

Theophil


Crystal
18 Januari 2026

Dada,

Wameamua. Wote watatu, hakuna aliyepinga. Kurasa sita. Wanasema maradhi ya mtoto ni mazito na hawayadharau. Wanasema hakimu aliyapima yote kwa pamoja, alitumia kipimo cha sheria, na alichosema kimo kwenye jalada. Ukurasa wa 212 umetajwa mara mbili.

Nimeusoma uamuzi ule mara nyingi, na nikikuambia ukweli, sioni walipokosea. Walisoma tulichowapa.

Inawezekana kuomba majaji wote kumi na mmoja wakae pamoja, lakini Murhula anasema hukubali mara chache sana, na hutaka swali kubwa la sheria, si la vyumba. Mahakama ya juu kabisa ya nchi, kule Washington, ndiyo haiwezekani kabisa. Nimemwambia aache. Hapa siku hizi watu wanakamatwa njiani, wanabeba karatasi zao za uhamiaji hata wakienda kununua maziwa. Naona heri niondoke mwenyewe, mchana, nimebeba sanduku langu, kuliko kuchukuliwa mbele ya mtoto. Murhula ameandikiana na watu wa uhamiaji, nimepewa mpaka mwisho wa Juni.

Nilimweleza Nanzia. Aliuliza, kwa Kiingereza chake, kama wale majaji wanalijua jina lake. Nilitafuta kurasa zote sita. Ameandikwa "binti". Nikamwambia wanamjua. Basi nami nimemdanganya kwa heshima, kama Mjomba.

Daktari wake anasema asisafiri kabla hajajua damu itapatikana wapi na kwa muda gani. Philister amesema atakaa naye, ana chumba, na kliniki iko karibu. Ni mpaka lini sijui. Ili daktari aamue nahitaji kumpelekea maelezo ya kweli ya huko. Nahitaji uniandikie tena, dada, na safari hii Mjomba asikae karibu.

Theophil


Same
1 Machi 2026

Mdogo wangu Theophil,

Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika niliona mkono wangu ni ule ule ulioandika sita. Nisamehe kwa hilo la kunyamaza. Kwa lile lingine sijui hata pa kuombea msamaha.

Mama nimemwambia, ilibidi. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Akasema, "Kumbe tumemrudisha kwa heshima." Kisha akataka kujua wewe unakula nini.

Haya ni ya daktari. Mjomba hayupo, ameenda mnadani. Zahanati ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kwa mtu mzima, na barabara ya gari bado haijatengenezwa. Mganga ni yule yule mmoja. Nilikwenda mwenyewe Moshi mwezi uliopita kuuliza. Kliniki ya selimundu ipo, ya watoto ni siku moja kwa wiki. Vidonge vipo miezi mingine na miezi mingine havipo. Damu inategemea ndugu wa kutoa. Nimepimwa, kundi langu limeandikwa kwenye karatasi niliyoambatisha, na la watoto wawili wa Mjomba pia. Nilitoka hapa alfajiri, nikafika saa nane mchana. Kurudi nililala njiani kwa sababu mto ulijaa. Mwambie daktari hivyo hivyo, na la kulala njiani aliandike. Akisema mtoto abaki, abaki. Wewe njoo.

Haya mengine ni yako. Tangu Agosti, nilipopata barua ya ukurasa ule, nafyatua matofali jioni nikitoka jikoni. Ndiyo sababu mwandiko wangu umeharibika. Walimu wawili na yule mtendaji wa mhuri wananisaidia Jumamosi. Tumejenga upande wa mbele, mbali na kilima.

Chumba cha tatu kimeezekwa, kina dirisha. Cha nne ukuta umefika kiunoni, mvua zikija tutasimama. Cha tano na cha sita havipo.

Ukiulizwa njiani na yeyote unakwenda kwenye nyumba ya namna gani, sema vitatu na nusu.

Dada yako,
Eliakunda